Ya Tatu

Ya tatu imekufa saa tatu na robo usiku,
dakika ya themanini na nane, mpira uko mguuni mwangu.
Haikulia. Ilisema tu pa, kama mtu avunjaye karanga,
kisha skrini nyeusi, na uso wangu ndani yake.

Pawasaplai ya kwanza nilisema ni haki yake:
niliinunua Barabara ya Digo kwa elfu mbili,
nyepesi mkononi kama kopo tupu la maziwa.
Ya pili ilikuwa mtumba kutoka ofisi moja ya Shimanzi.
Nikasema, uzee.
Lakini hii ina waranti. Hii ina jina.
Hii nilijifunga mkaja miezi mitano.

Nikaichomoa, nikailaza mkekani.
Pini ya karatasi, waya wa kijani kwa waya mweusi:
feni haikutikisika hata kwa adabu.
Nikafungua skrubu nne. Harufu ikatangulia,
rangi iliyoungua na kitu kingine kichachu,
na kapasita mbili zimetuna vichwa kama mahamri.

Mamangu kasimama mlangoni na chetezo.
"Ni jicho hilo, Nasri. Una hasidi."

Hasidi wangu namjua. Yuko ghorofa ya chini,
Bi Mwanakheri, auza barafu za ukwaju,
friza tatu ndefu kama majeneza.
Zikinguruma, taa yangu hukonyeza.
Mwaka mzima sijamwamkia vizuri.

Nikaazima mita kwa Chengo, fundi wa lifti.
Ncha mbili kwenye soketi, daftari gotini.
Saa nne: mia mbili thelathini na nane.
Saa nne u nusu: mia mbili arubaini.
Saa tano na dakika saba friza zikaamka,
nikangoja namba ishuke
(mwenzio akivuta shuka, si wewe hupigwa na baridi?)
ikapanda.
Mia mbili sabini na tisa.
Mia mbili tisini na nne.
Nikaipiga mita kofi. Nikabadili betri.
Ikapanda vilevile.

Hasidi gani huyu,
ala yeye, navimbiwa mimi?

Asubuhi Chengo akazima swichi kubwa,
akafungua kasha la ngazini, lile ambalo chumvi
imelila bawaba mpaka mlango waegemezwa kwa tofali.
Huko ndani, waya wa nyutro, mmoja kwa nyumba zote,
umeota ukungu wa kijani chini ya skrubu.
Aliugusa kwa bisibisi.
Ukacheza kama jino la mtoto.

"Umeme wenu hauna njia ya kurudia," akasema.
"Wa chini ukivutwa, wapasukia juu.
Wa juu ukivutwa, wapasukia chini."

"Chini?"
Bi Mwanakheri alikuwa nyuma yetu, leso begani.
"Kompresa mbili mwaka huu, Chengo. Mbili!
Na kila mara ni usiku, huyu akiwasha kidude chake."
Akanitazama. Nami nikamtazama.
"Wallahi, mwanangu,
ilibaki kidogo nikusomee Halbadiri."

Chengo akakata ncha iliyooza, akasugua, akakaza
mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.
Hakuna aliyesema neno. Kulikuwa na mengi ya kumeza.

Ya nne sijainunua. Karatasi ya waranti,
kwa herufi za sisimizi, yasema
hitilafu ya umeme wa nyumbani haiwahusu.
Kesi ya kompyuta iko wazi ukutani,
waya zaning'inia, zangoja mwenyewe.

Jioni akapanda mjukuu wake na bakuli,
barafu mbili. Nikala moja,
kali, mpaka sikio likauma.
Chini friza zikaanza kunguruma.
Mita: mia mbili thelathini na sita.
Nikatazama taa. Haikukonyeza.
Nikaendelea kuitazama.